Kibao Namba Thelathini na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Shajara hii nimepewa na Kamati ya Afya na Usalama wa Mwanamke Chuoni. Jalada ni la rangi ya waridi, lina ua, na chini ya ua wameandika MWANAMKE, JITAMBUE. Ziliagizwa kwa ajili ya wanafunzi wa kike zikabaki maboksi matatu, maana hakuna msichana mwenye akili timamu atakayetembea na lile ua mbele ya wenzake. Ndipo zikatupwa kwetu zahanati. Nimechukua moja kwa sababu karatasi zake ni nzuri, na kwa sababu kuna mambo nikiyameza yananikaa kooni.

Kamati yenyewe ina watu saba. Watano ni wanaume. Mwenyekiti ni profesa wa udongo.

Mimi ni karani wa mapokezi, mwaka wa kumi na tisa huu. Mgonjwa anachukua kibao cha namba kwenye msumari, anakaa kwenye benchi, naita namba yake, anakuja kwenye dirisha langu, namwuliza shida yake nini, naandika daftarini: namba, jina, kozi, shida. Kisha nalisoma jina lake kwa sauti, anaingia kwa Daktari. Vibao ni arobaini, vya mbao, nilivipaka rangi kwa mkono wangu. Wanafunzi wananiita Mama Dirisha, na wanadhani sijui.

Leo wasichana ishirini na wawili. Kumi na tisa wameniambia kichwa.

Jumanne, 5 Machi
Mvua tangu asubuhi. Kichwa, kichwa, kichwa.

Alhamisi, 7 Machi
Leo kaja mmoja wa mwaka wa kwanza, kaegemea kaunta ya dirisha ananong'ona kana kwamba ameiba kitu. Nikamwambia, "Sema kwa sauti, mwanangu, mimi siyo ukuta." Akanong'ona tena. Nikasema, "Umesema kuwashwa? Kuwashwa wapi?" Benchi zima likacheka. Akatazama chini, akasema kichwa. "Kichwa ndicho kinakuwasha?" Hapo wakacheka mpaka wengine wakajipiga mapaja, na mimi nikacheka, kusema kweli. Nikamwandikia kichwa. Watoto wa siku hizi! Wanaweka uso wao kwenye simu dunia nzima iuone, lakini ukiwauliza wanaumwa nini wanageuka mabubu.

Jioni nikampigia dada yangu nikamsimulia, tukacheka hadi machozi.

Kilichoniharibia siku ni kwamba nilipohesabu vibao nikapata thelathini na tisa. Kibao namba 31 hakipo. Daftari linaonyesha nilimwita mara mbili, hakusimama mtu. Kuna mwizi kaondoka na mali yangu mvuani.

Ijumaa, 8 Machi
Nimebandika tangazo: ALIYECHUKUA KIBAO NAMBA 31 AKIRUDISHE, ANAJIJUA. Hakuna aliyejijua.

Jumapili, 10 Machi
Dada kapiga simu kuulizia mwanawe. Binti anaishi kwangu tangu alipoanza chuo, sasa yuko mwaka wa pili, anasomea takwimu. Nikamwambia dada ukweli: mwanao ni mzima kama chuma. Mwaka mmoja na nusu huu hajawahi kusimama kwenye dirisha langu hata siku moja. Wenzake wanakuja kila wiki na vichwa vyao vya uongo, yeye wala. Huyo ndiye mtoto aliyelelewa. Ila nikamwambia pia kwamba kaanza uvivu. Akirudi chuoni anajilaza. Nikimtuma dukani anakwenda kama anapimwa kila hatua.

Jumatatu, 18 Machi
Kikao cha Kamati. Niliitwa nipeleke hesabu ya Februari kama nilivyoizoea: wasichana, kichwa, mia moja sitini na watatu. Mwenyekiti akavua miwani. "Hili ni janga," akasema. Wakalijadili hilo janga kwa saa mbili. Mmoja akasema ni simu. Mwingine akasema ni nywele, eti wanasuka zinakaza sana. Mwenyekiti akahitimisha kwamba wasichana hawanywi maji. Wiki ya Afya ya Mwanamke mwaka huu itakuwa na kaulimbiu ya maji.

Nesi wetu, msichana mdogo asiyejua kukaa kimya, akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, siyo kichwa. Wakiingia ndani wanasema mengine kabisa." Mwenyekiti akamtazama kama anavyotazama udongo usiootesha kitu. "Nesi, takwimu hazidanganyi."

Mimi nilinyamaza. Najua fika kwamba hivyo vichwa si vichwa. Wakipita mlango wa Daktari, kichwa kinateremka hadi kiunoni. Lakini mimi naandika ninachoambiwa. Kama profesa mzima ameshindwa kujiuliza ni ugonjwa gani huu wa kichwa usiowapata wavulana, nani mimi wa kumfundisha?

Tulipokuwa tunarudi, Nesi akaniambia, "Dada, liondoe hilo swali dirishani. Wengine hawateremshi. Wanapewa dawa ya kichwa wanaondoka nayo, wanaona aibu, na mlango wa Daktari umevimba kwa mvua haufungi, benchi linasikia kila kitu."

Nikamwambia utaratibu ni utaratibu.

"Wewe ungesema lako pale?"

"Mimi siumwi," nikamjibu. Kazi ana miaka miwili, tayari anataka kunifundisha dirisha langu.

Jumatano, 20 Machi
Kichwa kumi na sita. Kibao 31 bado.

Jumamosi, 30 Machi
Binti kapata tabia mpya, anatafuna barafu. Anatoa vipande kwenye friji anatafuna kwa-kwa-kwa, mpaka meno yangu yanauma mimi. Nikamwuliza, "Umekuwa panya?" Akacheka kidogo akaenda kulala. Saa nne asubuhi!

Na lile sweta jeusi. Joto lote hili la baada ya mvua, yeye kalifunga kiunoni, ndani ya nyumba, mezani, kila mahali. Eti ndiyo mtindo. Nikamwambia siku zetu mitindo ilikuwa ya kupendeza.

Jumanne, 9 Aprili
Nimechonga kibao kingine cha 31 kwa ubao wa boksi. Kinaonekana wazi kuwa si ndugu na wenzake. Kila nikikiona napandwa na hasira upya.

Jumatatu hadi Ijumaa, 15–19 Aprili
Naandika wiki nzima pamoja, haistahili zaidi.

Wiki ya Afya ya Mwanamke imefunguliwa na Mwenyekiti, mwanamume, kwa hotuba ya dakika hamsini chini ya turubai linalovuja. Akasema mwanamke ni chemchemi. Kwa kuwa yeye ni mtu wa udongo, tukapata na maelezo ya chemchemi zinavyotokea. Chupa za maji zikagawiwa. Bango likatundikwa mlangoni kwetu: KICHWA KINAUMA? MAJI KWANZA.

Siku ya tatu ikawa ya usalama. Njia ya kutoka maktaba kwenda bweni la wasichana taa zake zote nne zimekufa tangu mwaka jana, na wasichana wameshikwa-shikwa pale wakaandika barua mpaka wakachoka. Kamati ikasikia kilio chao. Ikawagawia filimbi. Filimbi! Za plastiki, rangi ya waridi. Ukishikwa gizani, piga filimbi. Kufikia Alhamisi wavulana walikuwa wamezichukua zote wanachezeshea mpira. Taa ziko vilevile.

Niliporudi nyumbani Ijumaa nikamsimulia binti haya yote mezani, na nikamwongezea ya yule aliyekuja jana akidai kichwa huku kashika tumbo kwa mikono miwili. Nikamwigizia alivyojikunja. Kawaida hucheka nikiigiza. Safari hii akasema, "Mamdogo, na huyo jina lake ulilisoma kwa sauti?"

"Ningemwitaje, kwa mluzi?"

Akachukua barafu yake akaondoka mezani. Wasomi hawa, mzaha umewashinda.

Jumapili, 28 Aprili
Binti kasimama katikati ya ngazi akiwa na ndoo, ngazi kumi na mbili tu, kashika ukuta anahema. Nikamwambia aache kuigiza ubibi, mimi mwenye miaka hamsini na mbili nazipanda na mifuko miwili. Akasema kachoka na kujisomea.

Viganja vyake vimepauka. Nikamwambia ni sabuni ile mpya, abadilishe.

Jumatatu, 6 Mei
Mitihani imeanza. Kichwa thelathini, angalau sasa wana kisingizio.

Jumatano, 15 Mei
Haya ni ya jana. Jana sikuweza.

Ilikuwa saa nne na nusu, mvua inapiga bati, benchi limejaa. Wakaingia wavulana wawili na msichana mmoja wamebeba mtu kwenye blanketi la chumba cha mtihani. Nilikuwa nimeinama naandika. Yule msichana akapiga kelele, "Mama, kaanguka kwenye mtihani, tusaidie!"

Sikuinua kichwa. Nikasema, "Chukueni kibao kwanza."

Naandika tena, nikitazame: nilisema, chukueni kibao kwanza.

Yule msichana akasema, "Mama, anatoka damu."

"Kila anayekuja hapa ana haraka. Jina lake nani? Shida?" Na kalamu nilikuwa nimeishika kabisa, nasubiri. Hakuna aliyejibu, ndipo nikainua macho kuwakemea. Nikaona sweta jeusi limening'inia kwenye blanketi linachuruzika. Nikamjua kwa sweta kabla sijamjua kwa uso. Uso ulikuwa mweupe kama wa mtu nisiyemfahamu.

Sijui nilitokaje mle. Nesi anasema nilipita juu ya kaunta, mimi na mwili huu. Nakumbuka nampigapiga mashavu nikisema, "Mama yangu, mama yangu, amka, ni mimi." Nesi akanisukuma pembeni kwa kiwiko, akamwinua miguu, akamtundikia maji ya mshipa, akaita gari. Nikaona Nesi na miaka yake miwili anafanya kazi, na mimi na miaka yangu kumi na tisa nimeshika kalamu.

Hospitali kubwa. Daktari wa pale ni mwanamke, mfupi, hana maneno mengi. Binti alikuwa amezinduka. Daktari akamwinamia. "Damu hii imeanza lini?"

Binti akanitazama mimi. Midomo ilikuwa haina rangi. Akasema, "Kichwa tu, daktari. Kinaniuma kichwa."

Blanketi limelowa chapachapa, na mtoto anasema kichwa.

Daktari akanigeukia. "Mama, tupishe kidogo." Nikajidai sikusikia, mimi ni mzazi, nitapishaje? Basi binti mwenyewe akasema, kwa sauti ndogo lakini niliisikia vizuri, "Mamdogo, toka kwanza."

Nikatoka. Nilikaa kwenye benchi. Ni miaka mingi sijakaa upande huo wa benchi.

Baada ya muda wakaja kusema atapasuliwa, na anahitaji damu haraka. Nikasema chukueni yangu. Nikapelekwa nyuma ya pazia, kijana mmoja akavuta kiti karibu akaniuliza maswali, kwa sauti ya chini, na kila swali aliinua macho kuona kama pazia limefunga vizuri. Aliniuliza mambo ambayo dada yangu mwenyewe hayajui. Nikamjibu yote, moja baada ya jingine, bila kusitasita. Nilipomaliza nikaanza kulia. Akadhani naogopa sindano.

Alhamisi, 16 Mei
Yuko hai. Operesheni imekwenda vizuri. Daktari kasema tungechelewa saa moja zaidi tungekuwa tunazungumza mengine. Kasema pia kwamba mtoto amevuja damu karibu miezi mitatu, polepole, hadi ikafika ilipofika. Nikamwuliza chanzo ni nini. Akasema, "Mgonjwa ni mtu mzima. Akitaka atakuambia."

Miezi mitatu. Barafu, ambayo daktari anasema ni tamaa ya mtu aliyepungukiwa damu. Ngazi. Viganja. Sweta kiunoni. Yote yamo humu, kwa mwandiko wangu mzuri, na kila moja nimelifanyia kejeli.

Dada yuko njiani anakuja. Nilimwambia mzima kama chuma.

Ijumaa, 17 Mei
Nilirudi nyumbani kumchukulia nguo. Nikafungua mkoba wake wa chuo kutafuta kitambulisho. Chini kabisa, kimefungwa ndani ya kitambaa cha mkono, kibao namba 31. Cha kwangu mwenyewe, cha rangi ya buluu, na lile tone la rangi lililomwagika pembeni ya ile tarakimu ya moja.

Nikaketi kwenye kitanda chake. Nikafungua shajara hii nikarudi nyuma mpaka tarehe saba Machi. Alikuja. Siku ile alikuja, akachukua namba, akakaa kwenye benchi langu nyuma ya wenzake, mimi sikuinua kichwa kumwona. Akanisikia na yule wa kuwashwa. Akalisikia benchi, akanisikia nacheka. Kisha nikaita thelathini na moja. Nikaita mara mbili.

Na tangazo nililibandika mimi: anajijua.

Jumapili, 19 Mei
Leo anakaa kitandani wodini, anakunywa chai. Dada alikuwa ametoka kuongea na simu uani. Nikatoa kibao nikakiweka juu ya shuka. Hakushtuka.

Nikamwuliza, "Mwanangu, sawa, dirishani palikushinda. Lakini nyumbani hapakuwa na benchi. Kwa nini hukuniambia nyumbani?"

Akafikiri. Siyo mtoto wa kusema hovyo. "Mamdogo, nyumbani ndiko ulikokuwa unawasimulia. Kila jioni. Yule wa kuwashwa ulimsimulia mama kwenye simu mkacheka. Nilijua na mimi nikisema, nitaigizwa mezani kwa mtu."

Nikafungua mdomo nijitetee. Ningesema, wewe ni damu yangu, ningekuigizaje wewe? Lakini yule wa kuwashwa pia ni damu ya mtu. Nikasema, "Nisamehe, mama."

Akasema, "Nipe sukari." Sijui kama ndiyo kusamehewa. Nilimpa sukari.

Jumatatu, 20 Mei
Nimerudi kazini. Kabla hatujafungua nikachukua rula na kalamu nyekundu nikaifuta safu ya shida, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho wa daftari. Namba, jina, kozi, basi. Na majina siyaiti tena hata wakati wa kuingia kwa Daktari, naita namba tu. Seremala wa chuo nilimng'ang'ania mpaka akaja na randa, mlango wa Daktari sasa unafunga. Kazi ya robo saa. Mlango huo umekaa wazi msimu mzima kwa sababu sikutaka kutembea hadi karakana.

Nesi aliona daftari. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake, na ningeyapokea. Badala yake akaniletea chai. Ningependelea anisute.

Ijumaa, 31 Mei
Kikao cha Kamati. Mwenyekiti kadai hesabu ya mwezi. Nikamwambia tangu tarehe ishirini, wasichana wenye kichwa ni sifuri.

Akasimama. Akapiga makofi! "Mabibi na mabwana, sifuri! Wiki ya Afya imezaa matunda. Maji, nilisema mimi, maji!"

Nikasimama na mimi. Nikamwambia mbele ya wote: hakuna aliyewahi kuumwa kichwa, Profesa. Waliumwa mengine, wakasema kichwa kwa sababu mimi niliwauliza mbele za watu, na nyinyi mkaichukua aibu yao mkaitengenezea bango. Mtoto wangu karibu azikwe na chupa yenu ya maji. Mkitaka kufanya jambo, tengenezeni taa nne za njia ya bweni, mwekeni Daktari wa kike hapo zahanati, na hizo filimbi mpulize wenyewe.

 Mwenyekiti akakohoa. Akasema mchango wangu umepokelewa. Kisha akamgeukia mwandishi wa kikao: "Andika: maumivu ya kichwa, sifuri."

Imeandikwa hivyo kwenye kumbukumbu. Nimeziona.

Alhamisi, 6 Juni
Mvua imekatika. Taa moja kati ya nne imewaka. Nesi anasema tushukuru. Mimi nimesema tusishukuru mpaka zote nne.

Jumatatu, 10 Juni
Leo imekuja bahasha kutoka hospitali kubwa, ripoti ya binti, ya kuwekwa kwenye faili lake hapa. Barua za zahanati zote hupitia kwangu. Miaka kumi na tisa nimezifungua zote, nikazisoma, ndipo nikazipanga. Hakuna aliyewahi kunikataza.

Dada kapiga simu saa sita. "Imefika? Hebu fungua uniambie. Ulikuwa uvimbe, au ilikuwa mimba? Mtoto haniambii, na mimi ni mama yake. Wewe kitu kiko mkononi mwako."

Ilikuwa mkononi kweli. Nyepesi, gundi yake ya kubabaisha, ningeivukizia juu ya chai ikafunguka. Na nataka kujua, nisiseme uongo hapa. Nataka kujua mpaka vidole vinanicheza.

"Muulize yeye," nikamwambia.

"Wewe dada gani wewe!" Akanikatia simu.

Nikapeleka bahasha kwa Daktari kama ilivyo. Akaisoma, akaifunga ndani ya faili, nikafunga kabati, ufunguo nikamwachia yeye.

Kile kibao cha boksi nimekitupa. Kibao namba 31 cha buluu nimekirudisha kwenye msumari wake. Saa nane mchana kilichukuliwa na msichana mrefu mwenye koti la mvua ingawa hakukuwa na mvua. Alikaa nacho mkononi, anakizungusha. Nikaita thelathini na moja, mara moja tu, akasimama. Akaja dirishani akanipa jina na kozi, akafungua mdomo tena, nikamwonyesha mlango. Akaingia, mlango ukafungwa. Alikaa humo nusu saa. Sijui alikuwa na nini.